Kiti cha Kushoto cha Gari la Susu

Nilianza kazi Jumamosi moja saa mbili asubuhi, mandazi mkononi na usingizi machoni. Nilistaafu miezi mitano baadaye, nikiwa na masizi hadi kwenye masikio. Binamu zangu wadogo wameanza kuniuliza ati kazi yangu ilikuwa gani hasa na kwa nini siifanyi tena, kwa hivyo nimeona niandike mara moja nipumzike. Nina miaka kumi na saba. Wastaafu wengine wako na pensheni. Mimi niko na mtihani wa hesabu Jumatano.

Tunaishi Mumbuni, nyumba mbili ndani ya boma moja: yetu mbele, ya Susu nyuma, kuku katikati. Susu ni mama yake Baba, na ana miaka sabini na miwili. Kabla hajastaafu alikuwa dereva wa ofisi ya kilimo, mwanamke wa pekee katika chumba cha madereva. Aliwapeleka maafisa mpaka kwenye vijiji ambako barabara ilikuwa ni wazo tu. Aliporudi nyumbani alinunua gari lake mwenyewe, SUV ya petroli yenye viti saba, rangi ya kijivu. Kila Jumamosi analiosha kwanza, halafu ndiyo anakunywa chai.

Mwajiri wangu alikuwa Baba, ambaye katika kumbukumbu hizi nitamwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa ameketi na mimi nimesimama. Simu ilikuwa mezani, na ndani ya simu alikuwamo dada yake, Shangazi Mueni, anayekaa Syokimau na kuendesha familia yetu kutoka huko.

"Kyalo," Mwenyekiti akasema, "kuanzia leo Susu akitoka na gari, mnatoka pamoja."

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu. Ukiona anasinzia, mwamshe. Jioni uniambie."

"Kwa hivyo mimi ni polisi?"

"Wewe ni mjukuu."

Simu ikaingilia kati. "Na usimwambie! Ukimwambia atakushusha Mutituni urudi na miguu. Mimi namjua huyo mama."

Sababu ilikuwa hii. Susu alikuwa amemwambia Shangazi, kwa mazungumzo tu, kwamba siku hizi akitoka Tala anafika na kichwa kizito na macho mazito. Shangazi akaunganisha kichwa, macho na miaka sabini na miwili, akapata jibu. Kama mama hafai tena kuendesha, akasema, ni heri tujue kabla lori halijatujulisha. Basi mimi nikawa kipimo. Nikisema Susu yuko sawa, abaki na funguo. Nikisema hayuko sawa, anyang'anywe. Kijana ambaye hawezi kuaminiwa kushika rimoti ya televisheni, akapewa hiyo.

Susu alinikuta nimesimama kando ya gari.

"Wametuma nani leo?"

"Hakuna aliyenituma, Susu. Nimekuja kukusaidia kubeba mizigo."

"Na mikono hiyo ya kushika simu?" Akafungua mlango. "Haya, mume wangu, panda. Lakini kwanza kazi."

Naitwa jina la marehemu mume wake, na kwetu Ukambani hiyo inatosha. Tangu nizaliwe ananiita mume wangu mbele ya watu, na marafiki zangu wameshacheka mpaka wamechoka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Susu hawashi gari kabla hajalizunguka, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla hajamnunua. Anaangalia tairi, taa, vioo. Halafu inakuja sehemu ya chini, na hapo ndipo aliponitazama.

"Zamani nilikuwa nalala chini mwenyewe," akasema. "Sasa wewe ndiye uko na magoti mapya. Inama uniangalizie ekzosi."

Akanieleza nitafute nini. Bomba la moshi linatoka kwenye injini na kupita chini ya miguu ya abiria mpaka nyuma. Limening'inizwa na raba, na raba ikikatika bomba linaanza kucheza na kujipasua. Karibu na nyuma kuna silensa, lile kopo nene linalomeza kelele. Vipande hivi vimeunganishwa, na mahali pa kuogopa ni kwenye maungio. "Ukiona weusi umezunguka ungio, kama mtu amepuliza makaa pale, jua moshi unatokea hapo badala ya kwenda nyuma. Na hapo juu yake ni wapi?"

"Ni wapi?"

"Ni kwenye viti, mume wangu. Ni wewe na mimi."

Nilielewa vizuri sana. Lakini siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vya raba vyeupe, nimevisugua kwa mswaki jana yake, na chini ya gari kulikuwa na matope ya kuku. Nikainama kiasi cha mtu anayefunga kamba ya kiatu. Nikahesabu mpaka tano. Nikasimama nikipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu.

"Chini kuko sawa, Susu."

"Raba zote?"

"Zote ziko kazini."

Akaniamini.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Tala. Tulikwenda huko karibu kila Jumamosi, Susu akitafuta nyanya, misumari, au kugombana na yule mama anayemuuzia maharagwe. Nilidhani anaenda kwa ajili ya soko. Siku moja akanirekebisha. Gari likizunguka mjini tu, dakika tano hapa, dakika tano pale, bomba halipati moto wa kutosha. Moshi wa petroli una mvuke, na mvuke huo unageuka maji, unalala ndani ya silensa, na kutu inaila kutoka ndani huku nje inang'aa. Safari ndefu mara moja kwa wiki inakausha. "Watu wananiona ninapenda soko," akasema. "Ninakausha silensa."

Barabarani alikuwa mwalimu mkali. Alichagua mti au nguzo mbele, na gari la mbele likipita hapo, anaanza kuhesabu kwa Kikamba: imwe, ili, itatu. Tukifika kwenye nguzo kabla hajamaliza, anaondoa mguu kwenye mafuta. Madereva wa nyuma walipiga honi kana kwamba tumebeba harusi yao.

"Susu, wanatutusi."

"Wako na haraka ya kufika kwenye bampa ya mtu."

Kuhusu kupita malori alikuwa na sheria moja, na niliiandika kwenye simu: kupita lori si haki yako, ni ruhusa unayopewa na barabara, na barabara isipokupa, unabaki nyuma ukisoma maandishi ya lori.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema wakati ule. Katika safari hizi mimi nililala. Tukitoka Tala, kabla hata ya Kangundo kuisha, kichwa changu kilikuwa tayari kimegonga dirisha. Nilikuwa naamka Mumbuni na mdomo mkavu na kichwa kinapigwa nyundo. Mlinzi wa usingizi wa Susu ndiye aliyekuwa akilala. Lakini kijana akilala ndani ya gari, nani anaita mkutano? Wanasema huyo amekesha kwa simu. Na kweli nilikuwa nimekesha kwa simu, kwa hivyo hata mimi niliridhika na maelezo hayo.

Jioni Mwenyekiti alikuwa ananiuliza, "Amesinzia?" nami najibu, "Hapana." Nilikuwa sijui. Nilisema hapana kwa sababu tulifika.

Mwezi wa nne wa utumishi wangu Susu alinunua mbao za banda la kuku. Zilikuwa ndefu kuliko gari. Vijana wa sokoni wakaziingiza mpaka zikafika katikati ya viti vyetu, mlango wa nyuma ukakataa kufunga, wakaushusha nusu na kuufunga kwa kamba. Kulikuwa na vumbi na jua, kwa hivyo madirisha tulifunga, na Susu akawasha feni ya baridi, ile ya kuzungusha hewa ya ndani tu. Nilipitiwa na usingizi hata kabla hatujafika lami nzuri.

Nilichokisikia baadaye ni kokoto. Kokoto nyingi chini ya tairi za kushoto. Nikafungua macho, nikaona nyasi mahali palipotakiwa kuwa na barabara, na ng'ombe wawili wakitutazama bila wasiwasi wowote. Gari lilikuwa linasimama. Susu alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, mikono yake imeshika usukani kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe.

"Susu?"

 Alikuwa anapumua kwa mdomo. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Hapa ni wapi?"

Tulikuwa hatua chache kutoka kwenye mtaro. Ilikuwa barabara anayoijua kuliko sebule yake.

Jioni hiyo nilitoa ripoti. Nilisema Susu amesinzia na gari limetoka barabarani. Yote yalikuwa kweli. Kwamba hata mimi nililala, niliacha. Kwamba sijawahi kuangalia chini ya gari hata siku moja, hilo halikunijia hata akilini.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya kanisa. Shangazi alikuja mwenyewe kutoka Syokimau, na hiyo ilitosha kumwambia Susu kila kitu.

"Mama," Mwenyekiti akaanza, "hakuna anayekulaumu."

"Basi mbona mmevaa nyuso za matanga?"

"Ni umri tu. Hata chuma huchoka."

"Tutakuwa tunakupeleka popote unapotaka," Shangazi akasema. "Utasema tu."

Nilingoja Susu alipuke. Huyu ni mama aliyewahi kumshusha afisa mzima kwenye gari la serikali kwa sababu amekataa kufunga mkanda. Lakini alinitazama mimi kwanza, sekunde moja hivi, si kwa hasira. Halafu akafungua mkoba, akaweka funguo mezani, akazisukuma kwa kidole mpaka kwa Baba.

"Nilisinzia," akasema. "Sikumbuki kilomita mbili nzima. Dereva asiyekumbuka kilomita mbili si dereva." Akainuka, akaenda kuwapa kuku maji.

Wiki zilizofuata gari lilikuwa safi kuliko kawaida, kwa sababu aliendelea kuliosha kila Jumamosi. Akimaliza, anaketi kwenye stuli mlangoni pake na kulitazama. Nyanya tulimletea sisi. Alisema asante, akazigeuza moja moja, hakuzisifu wala kuzilaumu. Ningependa angezilaumu.

Kituo changu cha pili kilikuwa Konza, chini ya Mwenyekiti mwenyewe. Ana ng'ombe wachache kwa rafiki yake upande huo, akanichukua twende kuwaona. Tulipofika akaegesha katikati ya nyasi kavu, nyasi za kufika magotini. Nikamwambia Susu haegeshi kwenye nyasi kavu hata akiombwa. Ekzosi ikitoka safari ndefu huwa na moto wa kuwasha malisho yote, hasa pale penye masega.

"Masega hayako," Baba akasema akifunga mlango.

Masega ni chombo kilicho kwenye bomba, ndani kina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na kazi yake ni kusafisha sumu ya moshi wa petroli kabla haujatoka nje. Ndani yake mna madini ya thamani, ndiyo maana siku hizi kuna watu wanayatafuta kama dhahabu. Sikuuliza yameenda wapi. Nilikuwa mfanyakazi mdogo.

Tulirudi na madirisha yamefungwa, maana upepo wa Konza ni vumbi lililopewa mabawa. Tukiwa bado Mombasa Road, Baba akapiga mwayo. Akapiga mwingine. Akajisugua macho.

"Jua la leo limenimaliza kichwa," akasema.

Wakati huo changu kilikuwa tayari kinapigwa nyundo. Nilimtazama. Baba ana miaka arobaini na sita, halali mchana hata akiwa mgonjwa. Macho yake yalikuwa mazito vilevile kama ya Susu.

"Baba, fungua dirisha."

"Vumbi..."

"Baba, fungua! Simama kando, tushuke."

Sijui alisikia nini kwenye sauti yangu, lakini aliwasha indiketa, akasimama. Tulikaa nje robo saa tukipigwa na upepo mpaka vichwa vikaanza kuwa vyepesi. Safari iliyobaki tulifanya madirisha yote wazi, tukafika Mumbuni tukiwa na rangi ya udongo.

Baba alipoingia ndani kuoga, mimi nililala chini ya gari. Kwa mara ya kwanza. Niliwasha tochi ya simu, na haikuchukua hata dakika moja. Katikati ya bomba palikuwa na kipande kipya kilichochomelewa vibaya, na ungio lake lilikuwa limepasuka nusu mduara. Kulizunguka kulikuwa na weusi, kama mtu amepuliza makaa pale. Juu yake, kwenye sakafu ya gari, kulikuwa na kizibo cha raba kilichoacha nafasi ya kupitisha kidole. Juu ya kizibo, viti.

Nilibaki pale chini muda mrefu. Kuna mambo mawili niliyaona kwa pamoja. La kwanza, Susu hakuzeeka barabarani. Alilishwa sumu, na mbao zile zilipofungua mlango wa nyuma, moshi wa mkiani nao ukavutwa ndani ukaongezea. La pili, nikisema hivyo, swali litakalofuata ni moja tu: ni nani aliyekuwa anaangalia chini?

Nilijaribu njia nyingine, nisidanganye. Nilifikiria kumwambia Baba kwamba nimesikia mlio. Nilifikiria kungoja fundi aone mwenyewe wakati wa sevisi. Nilikula chakula cha jioni nikifikiria. Asubuhi nilimkuta Susu kwenye stuli yake akichambua mboga, nikachuchumaa mbele yake.

"Susu, ekzosi imepasuka. Katikati. Kuna weusi."

Mikono yake ikasimama. "Tangu lini?"

"Sijui."

"Utakosaje kujua? Si umekuwa ukiniangalizia?"

"Sikuwa naangalia."

"Mara ngapi hukuangalia?"

"Mara zote."

Nilitarajia kofi, au angalau asi! ya hasira ya kusikika mpaka barabarani.  Kuku mmoja alikuja akaiba jani la mboga, hakumfukuza.

"Na mimi," akasema mwishowe, "nilijua raba zako ni nyeupe sana kwa mtu anayetoka chini ya gari. Niliona. Lakini ningeuliza, ningelazimika kuinama mwenyewe. Na magoti haya nisingeweza kuyainua tena mbele yako." Akaweka sufuria chini. "Mwite baba yako. Na ulete kitambaa kizito."

Injini ilikuwa baridi, imelala usiku kucha, na ndivyo Susu anavyotaka. Baba akawasha gari uani. Susu akanipa kitambaa kilichokunjwa mara nne, nikakikandamiza kwenye mdomo wa bomba nyuma, sekunde chache tu, nimegeuza uso. Moshi ukikosa njia ya kutokea, unaonyesha njia zake za siri. Susu alisimama kando ya mlango, ameinamisha kichwa. Sote tukasikia: tss, tss, tss, kutoka chini ya kiti cha abiria.

"Zima," akasema. "Nani alichomelea hapo?"

Mwenyekiti alitoka garini akijikuna shingo. Basi ikatoka. Miezi sita iliyopita alilipeleka gari kubadilisha tairi, akakutana na mtu akamwambia masega ya gari la zamani hayana kazi, yanakula mafuta tu. Wakayakata, akapewa tairi mbili, pengo likajazwa na kipande cha bomba. Aliona ni biashara nzuri. Hakumwambia mama yake kwa sababu alitaka aone tairi mpya afurahi.

"Nilifurahi," Susu akasema. "Kumbuka, nilikushukuru."

Baba akafunga mlango wa gari polepole.

Jumatatu tulilipeleka gari kwa Fundi Makau, mzee mfupi mwenye karakana ya ekzosi mjini. Aliliinua, akaangalia, akauliza tumekuwa tukiendesha hivyo muda gani. Tulipomwambia, alivua kofia. "Huo moshi ninyi mnaouona mweusi siyo unaoua," akasema. "Unaoua hauna rangi, hauna harufu. Unakupa usingizi mtamu tu." Akafunga bomba jipya, gasketi mpya kwenye maungio, masega mapya, akaziba sakafu. Akaniita chini, akanishikisha kila raba. Ziko nne. Sasa najua.

Shangazi hakukubali haraka. "Sawa, ni moshi," akasema kwenye simu, "lakini miaka sabini na miwili bado ni sabini na miwili." Susu akachukua simu mwenyewe. Akasema hilo ni kweli, na kwamba ataenda kupimwa macho, kisha Mueni aje akae kando yake mpaka Tala na kurudi, madirisha wazi, na akiona kosa moja la dereva, funguo aende nazo Syokimau. Alipimwa. Shangazi akaja. Waliporudi, Shangazi alishuka nywele zimesimama kwa upepo, akamrudishia Baba funguo ili Baba ampe mama yake. Baba alizipokea kwa mikono miwili na kuzitoa kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyofuata niliamka mapema bila kuitwa. Nilivaa nguo kuukuu, nikalala chini ya gari, nikashika raba zote nne, nikapapasa maungio yote. Nilipotoka, Susu alikuwa amemaliza kuzunguka.

"Kukoje?"

"Kukavu. Hakuna weusi. Silensa ina kutu kidogo upande wa kulia, tuitazame mwezi ujao."

Akaitikia kwa kichwa, kama mkubwa wa kazi. Nikafungua mlango wa kushoto, nikapanda, nikafunga mkanda. Yeye akaingia, akarekebisha kioo, akakaa bila kuwasha.

"Mume wangu, shuka."

"Nimekosea nini tena?"

"Hujakosea. Miezi yote hiyo ulikuwa unaniangalia mimi. Sasa umeliangalia gari. Imetosha."

Basi hivyo ndivyo nilivyostaafu. Sikupewa saa wala hotuba. Nimefikiria sana tangu hapo, zaidi ya kiasi kinachoruhusiwa kwa mtu wa umri wangu. Sote wawili tulilala ndani ya gari lile, nikasamehewa kwa sababu mimi ni kijana, naye akahukumiwa kwa sababu ni mzee, na hakuna aliyejisumbua kuliuliza gari. Mzee akichoka tunasema ni miaka. Kusema ni miaka ni rahisi kuliko kulala kwenye matope ya kuku. Ninyi mnaonifuata, mkipewa kazi ya kumchunga mtu, anzeni na kile kilicho chini ya miguu yake. Na fungueni dirisha.

Nilimfungulia geti. Alitoka, akapinda kushoto, akaelekea Tala peke yake. Nilisimama nikisikiliza gari likienda. Sikusikiliza sana, maana ekzosi ikiwa nzima, haichukui muda na husikii kitu tena.